PC ya nyumbani inajizima au inaleta skrini ya bluu kila mara? Usikimbilie kupiga windo, anza hapa

Wakuu, mtaani kuna mtindo umezoeleka sana. PC inaanza kujizima katikati ya kazi, mtu anaibeba mpaka kwa fundi, fundi anaiwasha anaitazama dakika mbili anasema "hii tupige windo", inapigwa, yaani Windows inafutwa na kuwekwa upya, picha za familia zinaondoka, hela inaondoka, na baada ya siku chache mashine inajizima vile vile. Inaniuma kwa sababu mara nyingi kosa halikuwa kwenye Windows kabisa, lilikuwa kwenye umeme, joto au ramu (kile kipande cha kumbukumbu ya muda ya mashine) iliyolegea. Hapa naelezea namna ya kumtafuta mchawi mwenyewe nyumbani, hasa kwa hizi deskitopu za mtumba za ofisini tunazochukua Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, na karibu kila kitu hapa ni bure, unahitaji bisibisi ya nyota, brashi laini, flashi moja na uvumilivu.

Kabla ya lolote, toa vitu vyako. Kama mashine bado inawaka hata robo saa, hiyo robo saa itumie kuhamisha picha, vyeti na kazi zako kwenda kwenye flashi au diski ya nje, mambo mengine baadaye. Kama tatizo ni diski basi kila ukiwasha unaisogeza karibu na kufa, na baadhi ya majaribio ninayoelezea huko chini yanaitesa zaidi.

Haya, sasa jiulize inakufa vipi, maana watu wanasema tuu "inazima" wakati kuna vifo vya aina tatu tofauti. Cha kwanza inazima pap, giza, kama vile mtu kachomoa waya, hapo washukiwa wako ni umeme wa ukutani, pawa saplai (lile boksi linalogawa umeme ndani ya PC) au joto. Cha pili inaleta skrini yenye maandishi inasema imepata tatizo alafu inajirestati, ile ya bluu, ingawa kwenye Windows 11 za kuanzia 2025 wameibadilisha ikawa nyeusi kwa hiyo usishangae, hapo washukiwa ni draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), ramu, diski au prosesa yenyewe. Cha tatu inaganda, mausi haisogei, muziki unabaki unatoa mlio mmoja, mpaka ushikilie kitufe cha kuzimia, hapo mara nyingi ni diski, ramu au kadi ya picha. Kama ni programu moja tuu ndo inajifunga na vingine vinaendelea, hiyo sio kesi yetu, futa hiyo programu uiweke upya.

Chukua daftari. Kila ikikufa andika saa, ulikuwa unafanya nini, nini kingine kilikuwa kimewashwa ndani ya nyumba, na ilikufa kwa aina ipi. Najua watu wengi mtaruka hapa ila nakwambia daftari limetatua kesi nyingi kuliko programu yoyote. Na kanuni ya kwenda nayo mpaka mwisho, badilisha kitu kimoja alafu subiri uone, ukisafisha na ukabadilisha ramu na ukaweka draiva mpya siku moja, ikipona hujui kilichoponya, ikirudi hujui uanzie wapi.

Tuondoe pia kinachoficha ushahidi. Windows ikikrashi inajirestati haraka hata hujasoma kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, enta, nenda Advanced, pale penye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart, alafu OK. Kuanzia hapo ikikrashi itabaki imesimama, toa simu upige picha. Unachotafuta ni ile stop code, yaani jina la kosa, na kama limetajwa jina la faili linaloishia na .sys hilo ndo la maana zaidi kwa sababu ni jina la draiva. Usiangalie picha moja tuu, ziangalie kadhaa kwa pamoja: kodi ikiwa ni ile ile kila siku na faili ni lile lile, elekeza macho kwenye draiva hiyo. Kodi zikiwa zinabadilika badilika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, hapo mimi huwa sihangaiki na draiva, naenda moja kwa moja kwenye ramu.

Kama hujawahi kuona skrini yoyote, nenda kwenye kumbukumbu za Windows, yaani Event Viewer. Windows na R tena, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs alafu System, upande wa kulia bonyeza Filter Current Log, kwenye kisanduku cha namba andika 41, OK. Zitabaki Kernel-Power 41 peke yake. Watu wakiona neno Power wanakimbilia kununua pawa saplai mpya, jamani sio hivyo, 41 inasema tuu kwamba mashine imewaka bila ya kuwa imezimwa kistaarabu mara ya mwisho. Ifungue, nenda Details, tafuta mstari wa BugcheckCode. Ikiwa 0 maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, yaani umeme ulikatika ndani au nje, au iliganda ukaizima mwenyewe kwa kidole. Ikiwa na namba nyingine basi kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona, na hiyo namba imeandikwa kwa mfumo wetu wa kawaida wa kumi kwa hiyo usiitafute hivyo hivyo, kwanza fungua kikokotoo cha Windows ukiweke kwenye Programmer kikubadilishie kwenda HEX, yaani mfumo wa kumi na sita. 26 inakuwa 1A ambayo ni MEMORY_MANAGEMENT, 292 inakuwa 124 ambayo ni WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, na hiyo ya mwisho ni vifaa vyenyewe vinalia, sio programu. Kwa asiyependa manamba kuna njia nyepesi, Windows na R alafu perfmon /rel, inakuja kalenda yenye alama nyekundu kila siku iliyokuwa na tatizo, rudi nyuma mpaka alama ya kwanza kabisa uangalie siku hiyo au jana yake kiliwekwa nini.

Sasa umeme, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu huku kwetu ndo panaposahaulika. Kuna dada mmoja mwenye steshenari PC yake ilikuwa inazima pap mchana mchana, ilishapigwa windo, ilishabadilishwa ramu, bado. Tukafungua Event Viewer, 41 zimejaa, BugcheckCode zote 0, na saa zake zote zilikuwa za mchana siku za kazi, Jumapili hamna hata moja. Mlango wa tatu kutoka pale kuna kijana anachomelea mageti. Akianza kuchomelea taa za dukani zinafifia kidogo, wewe huoni shida lakini pawa saplai ya zamani inaona. Ikawekwa UPS (kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukiyumba), ugonjwa ukaisha, na windo ilikuwa haina kosa muda wote ule.

Umeme wa Tanzania unatakiwa kuwa volti 230, Kenya 240, lakini ukweli wa soketi yako unautaka kwa mita, na upime saa ile mashine inapozimaga, usipime asubuhi umeme ukiwa umetulia. Kama huna mita fanya hivi, toa PC kwenye ile ekstensheni inayobeba friji na pasi na birika, ichomeke peke yake ukutani siku mbili tatu uone. Shika plagi uitikise kidogo, ikicheza kwenye soketi basi umempata mshukiwa. Kama unayo UPS ya zamani, iruke kabisa kwa majaribio, betri zake nyingi hudumu miaka 3 mpaka 5 na ikishachoka UPS yenyewe ndo inakuzimia mashine kila umeme ukiyumba. Alafu ukigusa kasha la PC likawa linakutekenya tekenya kama shoti ndogo, hiyo ni dalili kwamba waya wa ethi haupo au haujafungwa, mwite fundi umeme wa nyumba, hilo la usalama wako kwanza kabla hata ya PC.

Pawa saplai yenyewe ina namba zake, waya wa njano na mweusi unatakiwa kusoma volti 12, mwekundu na mweusi volti 5, na kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani njano isitoke nje ya 11.4 na 12.6. Pima mashine ikiwa inafanya kazi nzito maana ikiwa imepumzika hata mbovu inasoma vizuri. Baadhi ya mashine za ofisini za Dell na HP zinatumia pawa saplai zenye plagi zao wenyewe, hiyo ya kawaida ya dukani haitaingia, kwa hiyo ichomoe uende nayo dukani. Na hizo za kasha dogo nyingi zina wati kama 180 mpaka 260 hivi, sasa wewe ukaenda kupachika kadi kubwa ya gemu humo, ikizima kila ukianza kucheza hamna cha ajabu. Kama ina kile kiswichi chekundu kwa nyuma kisome kwanza, huku kwetu kinakaa 230, kikiwa 115 ukawasha unasikia mlipuko. Na naomba sana usifungue boksi la pawa saplai, ndani kuna kapasita zinabeba zaidi ya volti 300 na zinabaki na chaji hata ukiwa umechomoa waya.

Joto. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, iwashe, angalia prosesa ikiwa imetulia na ikiwa inafanya kazi nzito. Imetulia ikiwa 35 mpaka 55 kwa hali ya hewa ya Dar ni sawa. Ikipanda mpaka kugonga 95 au 100 mara tuu unapofungua video, hapo umepata, kwa sababu prosesa ikikaribia kikomo inajipunguza kasi, ikishindikana inazima mashine ili isiungue. Chomoa waya, fungua kasha, safisha kwa brashi na blowa, na unapopuliza zuia feni kwa kidole isizunguke, ukiiachia izunguke kwa nguvu ya upepo unaweza kuiua. Wa Dodoma mtakuta vumbi jekundu limejaa kwenye mapezi ya bati la kupoozea, wa Tanga, Mombasa na Dar angalieni na kutu ya hewa ya chumvi kwenye skrubu na soketi. Ile pesti kati ya prosesa na bati kwenye mashine ya mtumba mara nyingi imeshakauka ikawa unga, ifute yote kwa spiriti, weka mpya kidogo tuu katikati, ukibana bati litaisambaza lenyewe. Na kile kitambaa cha kudarizi kinachofunika mashine isipate vumbi, kitoe kabla hujawasha, kuna nyumba nimekuta kimeziba matundu yote ya nyuma na mashine inaendelea kufanya kazi.

Tuje kwenye ramu, ambayo kwangu ndo mshukiwa namba moja wa skrini za bluu kwenye mashine zilizosafiri kwenye kontena. Kulegea tuu kunatosha. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha utoe umeme tuli mwilini. Sukuma vile vibanio vya pembeni kwenda nje, ramu itajinyanyua yenyewe, ishike kwa kingo zake usiguse meno ya dhahabu. Chukua ufutio mweupe ule laini wa penseli, sugua meno taratibu pande zote mbili mpaka yang'ae, pangusa mabaki yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, acha ikauke. Unaporudisha angalia ule mkato mdogo wa chini ulingane na kizuizi cha kwenye soketi, alafu bana kwa vidole gumba viwili, kila ncha, mpaka usikie "tak" na vibanio virudi vyenyewe. Usiposikia hiyo sauti haijaingia, hata kama mashine inawaka.

Ikiendelea kukrashi, na una ramu mbili, acha moja tumia siku nzima, kisha badilisha. Moja ikileta tatizo, ijaribu pia kwenye soketi nyingine kabla hujaihukumu maana soketi nayo inakufa. Kupima kwa uhakika weka MemTest86 kwenye flashi, washa mashine ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi, iache usiku kucha imalize raundi zake zote nne. Hata kosa moja ni kosa, ramu nzima haitakiwi kuonyesha kosa lolote, asikudanganye mtu kwamba "ni mawili tuu". Kile kipimo cha ndani ya Windows, mdsched, kipo na kinasaidia kwa haraka, ila kikikwambia hamna tatizo usikiamini moja kwa moja. Na kama umewasha XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya ramu) kule kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, izime wakati wa majaribio haya yote.

Diski haichukui muda. Pakua programu ya CrystalDiskInfo, ifungue, ikiandika Good yenye rangi ya bluu endelea na mengine, ikiwa Caution ya njano au Bad nyekundu acha kila kitu uhakikishe una kopi ya vitu vyako. Kwenye orodha angalia 05, C5 na C6, hizo zikiwa na namba ambayo kila ukiangalia imeongezeka diski inaondoka hiyo. Kuna moja watu hawaijui, C7, hiyo ikiongezeka mara nyingi ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na madabodi, ndo mbovu na sio diski, badilisha waya ambao ni bei ndogo sana kabla hujanunua diski. Ukishakuwa na kopi ndo uendeshe chkdsk C: /f /r, na uwe na muda maana diski kubwa inaweza kula masaa.

Vifaa vikishakuwa safi ndo tunaingia kwenye draiva na apdeti. Hii nayo sio ndogo, tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la apdeti kutoka CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege vikasimama, na dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tuu) ufute faili hilo uwashe upya. Bila kupiga windo. Ndo maana nakwambia jifunze kuingia Safe Mode. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, alafu bonyeza 4. Kama Windows haifiki hata kwenye dawati, izime kwa kitufe mara mbili tatu mfululizo wakati inawaka, itakuleta yenyewe kwenye menyu ya kujitengeneza. Mashine ikitulia ndani ya Safe Mode kwa masaa wakati kawaida haimalizi nusu saa, basi kuna draiva au programu inayoanza na Windows inakuangusha. Ondoa apdeti ya mwisho, au nenda Device Manager kwenye kifaa unachokishuku ubonyeze Roll Back Driver. Draiva mpya chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine yako kwa namba iliyobandikwa kwenye kasha, hizi programu zinazoahidi kukuwekea draiva zote kwa mbofyo mmoja mimi sizitaki kabisa, zinaweka draiva zisizo zake na matangazo juu. Hali kadhalika vile vitu vya kukrakia Windows na Office, vingi vinakuja na virusi ndani, kwa hiyo fanya skani ya Microsoft Defender ile ya offline, ni kama dakika 15 tuu.

Baada ya hapo fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama admin, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, uwe na bando maana inaweza kushusha mafaili, ikimaliza ndo sfc /scannow. Hizo mbili zinarudisha mafaili ya Windows yaliyoharibika bila kugusa vitu vyako.

Wenye mashine mpya za gemu za Intel Core kizazi cha 13 na 14, kuna tatizo la volteji ambalo Intel yenyewe ilikiri 2024 na kutoa marekebisho yanayokuja na BIOS mpya, kwa hiyo apdeti BIOS. Ila kwa huku kwetu usithubutu kuapdeti BIOS bila UPS nzima, umeme ukikatika katikati madabodi inaweza isiwake tena.

Bado huna jibu? Weka Linux Mint kwenye flashi, iko karibu GB 3, washa mashine kwa flashi bila kuisakinisha, angalia video na ingia mtandaoni masaa kadhaa. Ikikrashi na huko basi Windows haina hatia, ni vifaa, na hela ya kupiga windo ungeitupa. Ikitulia kabisa kwenye Linux, kosa liko Windows au kwenye diski maana diski haikutumika hapo, na kama CrystalDiskInfo ilishasema diski nzima, sasa ndo piga windo kwa amani, safi, kutoka kwenye faili halisi la Microsoft.

Ukilazimika kwenda kwa fundi nenda na lile daftari na zile picha za simu, mwambie umeshapima nini na matokeo yake. Fundi mzuri atafurahi umempunguzia kazi, na anayekwambia hayo hayana haja tupige windo tuu, beba mashine yako uende kwa mwingine. Kabla hajaanza andika ukubwa wa ramu na diski vilivyomo, na akibadilisha kifaa chochote mwombe akurudishie kile cha zamani.